Mlango wa Wakamwana

Mfuniko wa sufuria uligongagonga jikoni, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu, na nje bado giza. Atuganile alifumbua macho akasikiliza. Makande yalikuwa yameanza kuchemka. Alikuwa ameamka mapema kuyainjika, kisha akajilaza tena na khanga yake begani, na sasa yalimwita. Akaenda akaongeza maji, akaonja punje moja ya hindi, akaona bado.

Alikuwa anawapikia wanawake wa Lufingo. Siku hiyo ndiyo waliyopanga waje Kyimo kusiriba ukuta.

Atuganile alikuwa mkuu wa Nyumba ya Urithi ya Kyimo. Jina lilikuwa kubwa kuliko nyumba yenyewe, maana lilikuwa ghala la zamani la kahawa, lenye paa la bati, chumba kimoja kikubwa, na kijichumba kimoja cha pembeni alichokifanya ofisi. Alikuwa amefanya kazi kwenye makumbusho ya Dar es Salaam miaka mingi, akajua kutunza ngozi isiliwe na wadudu na mbao zisipasuke. Wilaya ilipotafuta mtu wa kuianzisha nyumba hii, alirudi nyumbani Tukuyu, akapanga vyumba viwili karibu na soko, akaanza.

Katikati ya lile ghala mafundi walikuwa wamejenga nyumba ya mianzi kama zilivyojengwa zamani na Wanyakyusa, duara, na mlango wazi upande mmoja. Ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa uchi. Kwa ndani nyumba ya namna ile husiribwa udongo, kisha huchorwa kwa vidole, mweupe juu ya mwekundu, kijivu juu ya mweupe, mistari ikizunguka mpaka irudi ilikoanzia. Kazi hiyo ni ya wanawake. Na aliyebaki akiijua vizuri alikuwa Bibi Esnath wa Lufingo.

Atuganile alimfuata muda mrefu. Mara ya kwanza alipewa maziwa ya mgando na kuulizwa habari za mvua. Mara ya pili alipewa ndizi amenye, akamenya. Ni mvua za masika zilipokwisha ndipo Bibi Esnath alipovinyoosha vidole vyake mbele yake na kusema, "Unaviona? Vimeanza kutetemeka. Nitakuchorea ukuta mmoja, mwanangu, na huo utakuwa wa mwisho. Waite na wasichana waangalie."

Kwa hiyo ufunguzi ulipangwa Jumamosi, na ukuta ukapangwa Jumatatu ili upate kukauka. Bila ukuta ule, Nyumba ya Urithi ingefunguliwa na fito tupu, na Bibi Esnath angezeeka na michoro yake mikononi. Hilo ndilo lililomwamsha Atuganile kuliko makande.

Akalifunga sufuria kwa blanketi, akalipakata ndani ya bajaji mpaka Kyimo. Dereva aligeuka mara mbili kulitazama.

"Mama, huyo mtoto ananukia vizuri."

"Tazama barabara, baba. Ukimwangusha utamlea wewe."

Wanawake walifika jua lilipoanza kuupasua ukungu. Walikuwa wamepanda gari la majani ya chai mpaka barabara kuu, kisha wakatembea, ndoo za udongo vichwani, wakiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Bibi Esnath alikuwa mbele. Alikuwa mfupi, mkavu, na alitembea kama mtu anayekwenda kudai chake. Nyuma yake alikuwa Ndimyake, mwanamke mnene wa maneno mengi, ambaye alianza kusalimia akiwa mbali.

"Ugonile, mkurugenzi! Tumekuletea mlima wa Rungwe, tumeuacha kidogo tu usianguke!"

"Ugonile! Karibuni, karibuni jamani."

Bibi Esnath alifika mlangoni. Akainua mguu avuke kizingiti, na papo hapo akaurudisha. Alivuta khanga ikamfunika uso wote, akageukia pembeni, akatoka njiani kabisa, akashuka kwenye migomba iliyo chini ya ghala. Huko akachuchumaa na kuwapa mgongo.

Wimbo ulikatika. Wanawake walitua ndoo mmoja baada ya mwingine.

"Bibi anaumwa?" Atuganile aliuliza.

Mmoja alijitazama kucha. Ndimyake, ambaye hakuwahi kukosa neno, alikohoa tu.

"Ndimyake, nimekosea nini?"

"Bibi amechoka," alisema Ndimyake, akitazama kando. "Sisi tutamrudisha. Makande yako yananukia, mama, lakini leo hayatatelemka."

Wakamfuata Bibi Esnath migombani, wakamweka katikati yao, wakaondoka kwa njia ya chini. Lakini kabla ya kuondoka, wawili walikata majani ya mgomba wakafunika kila ndoo, wakayakandamiza pembeni ili udongo usikauke. Atuganile aliliona hilo. Mtu aliyekasirika kabisa haufuniki udongo wake.

Alikaa juu ya kizingiti. Akafikiri huenda alimsahau mtu kwenye salamu. Akafikiri huenda ni makande, kwamba aliwaona kama vibarua. Mwisho akasimama pale pale aliposimama Bibi Esnath, akainua mguu kama yeye, akatazama ndani.

Mzee Jairo alikuwa anamtazama.

Picha ile ilikuwa imeletwa wiki iliyopita na Ackson, mtoto wa Bibi Esnath, mwenye duka la vipuri vya magari Mbeya. Aliikuta ndani ya Biblia ya shangazi yake, ndogo kama kiganja, akaipeleka studio ikakuzwa mpaka ikalingana na mlango. Ilikuwa ya babu yake, aliyekuwa akilinda msitu wa matambiko wa ukoo wao na aliyejua kupiga ngoma kuliko wote wa upande ule. Hakuna picha nyingine ya mzee huyo. Atuganile aliipenda, akaitundika ikikabili mlango, jina lake kwa herufi kubwa chini yake, ili mzee awakaribishe wageni. Hata kadi za mwaliko zilichapwa zikiwa na uso wake.

Na Mzee Jairo alikuwa baba mkwe wa Bibi Esnath.

Atuganile alishika kichwa. Si kwamba hakujua. Alipokuwa mdogo alimwona mama yake mzazi akiruka mtaro na ndoo ya maji kichwani kwa sababu babu alikuwa anakuja. Mkamwana hamtazami baba mkwe wake, hakai naye nyumba moja, hapiti alipo. Atuganile alijua mpaka akaandika. Hatua chache kutoka kwenye picha, ukutani, kulikuwa na ubao wa maelezo alioutunga mwenyewe kwa maneno mazuri, ukieleza jinsi wakamwana wa Kinyakyusa walivyowaogopa wakwe zao. Ulianza na neno "Zamani".

Ambindwile, mlinzi wa nyumba, alikuja akisukuma toroli. Akaitazama picha, akamtazama mkuu wake.

"Ambindwile, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, mama? Wewe ni wa hapa hapa. Tulisema una sababu yako." Akakuna shingo. "Mke wangu alisema labda ulikwenda kumwombea Bibi ruhusa kwa ukoo. Mimi nikasema hao wa Dar wana njia zao."

"Basi sina njia."

"Basi tule makande," alisema Ambindwile kwa upole, akaenda kutafuta sahani.

Njia rahisi ilikuwa kuishusha picha. Atuganile alimpigia Ackson ili amwambie.

"Usiishushe, dada," alisema Ackson. Nyuma yake zilisikika nyundo na redio. "Nimewaalika ukoo mzima. Watu wanatoka mpaka Ikuti. Yule ni babu yangu, amekufa sijaanza shule. Kwa nini afichwe kama mwizi? Mama nitaongea naye mimi."

"Ni mama yako ndiye atakayeongea na wewe."

"Kesho asubuhi niko hapo."

Alikuja kweli, na viatu vinavyong'aa, wakaenda pamoja Lufingo. Njia ilikuwa na utelezi. Ackson alimshika Atuganile mkono kwenye miteremko bila kusema kitu, na alipofika kwenye mteremko mbaya zaidi akavua viatu akavibeba.

Bibi Esnath alikuwa anachagua maharage uani. Alimtazama mwanawe miguu, akasema, "Karibu, mzungu. Viatu vimekuchosha?" Kisha akamgeukia Atuganile na kumvutia kigoda chake mwenyewe, yeye akaketi juu ya gunia. Hakuonyesha hasira yoyote.

"Bibi, nimekukosea," alisema Atuganile. "Nilijua, na sikufikiri."

"Ee. Nimeona hukufikiri. Ungefikiri usingenipikia makande." Akacheka kidogo. "Ndimyake amelia njia nzima kwa ajili ya makande yale."

Ackson alishindwa kusubiri zaidi. "Mama, ile ni karatasi tu."

"Na noti ni karatasi tu. Mbona huziachi zizagae barabarani?"

"Mama, mzee amekufa. Hakuna anayekuona."

"Mimi ninajiona."

"Wenzako wa kanisani wameacha hayo. Mama Anyitike anakula meza moja na baba mkwe wake."

"Ameachiwa huyo! Mkwe wake alimwita, akampa kitambaa na kuku mbele ya watu, akamwambia sasa nitazame. Mimi nani ameniachia?" Akarudisha macho kwenye maharage. "Alikuwa aniachie. Ng'ombe alikwisha kuchaguliwa. Akaanguka kabla ya siku yenyewe. Nilimlilia nikiwa nyuma ya nyumba, wengine wote wakiwa mbele. Anayeweza kuniachia amelala pale chini ya migomba, na hajasema kitu."

Mvua nyepesi ilianza, wote watatu wakasogea chini ya upenu.

"Hujawahi kuiona sura yake kabisa?" aliuliza Atuganile.

"Nitaionea wapi? Hata jana niliona jina lake tu, nikajifunika. Nilimjua kwa kikohozi. Kila alipotoka alikohoa tangu mbali, kabla ya kona, apate kunipa nafasi. Wakwe wengine hawakohoi. Wanakuja kimya, wewe na kuni zako unatumbukia kwenye miiba, wao wanapita. Yeye alikohoa mpaka watu wakadhani ana kifua." Alipuliza makapi kwenye ungo. "Siku moja nilikuwa na mimba ya huyu mwenye viatu. Mvua kubwa, nimebeba ndizi, njia nyembamba, huku chai, huku mtaro umejaa maji. Nikasikia kikohozi, nikajua sina pa kwenda. Nikasimama nikafumba macho. Kisha nikasikia chubwi! Mzee ameingia mtaroni. Yeye, mkwe! Amesimama ndani ya maji uso kwenye ukingo, mpaka nikapita. Sikumshukuru, maana singeweza kusema naye. Hata shukrani ilinibidi niimeze."

Aliweka ungo chini.

"Sasa wewe, Ackson, unataka niingie nimkazie macho, kwa sababu hawezi tena kukohoa?"

Ackson aliinama akaanza kufuta matope kwenye vile viatu kwa kidole gumba. Alifuta muda mrefu. Mwisho akasema, kwa sauti ya mtoto, "Lakini na mimi nataka watu wamwone, Mama. Ndiyo picha pekee. Mimi hata kikohozi chake sikumbuki."

"Sijasema asionekane," alisema Bibi Esnath. "Ni mtu wa kuonekana. Nimesema mimi simwoni."

Atuganile alikuwa anatazama uani. Kulikuwa na njia moja iliyotoka mbele ya nyumba kwenda barabarani, na nyingine nyembamba iliyozunguka nyuma ya jiko na kupotelea migombani. Alikulia kwenye ua wenye njia mbili kama hizo. Alifikiria ghala lake. Lilikuwa na mlango wa nyuma, uliozibwa kwa mbao na kufichwa na kabati, tangu enzi ambazo kahawa ilipakiwa upande huo. Na kilikuwepo kile kijichumba cha pembeni, chenye dirisha zuri na mlango wake kuelekea barabarani.

"Bibi," alisema, "mzee akipata chumba chake, na mlango wake, na ukuta kati yenu, utaingia kwa mlango wa nyuma?"

Bibi Esnath alifikiri. "Mlango wake utafungwa?"

"Utakuwa umefungwa siku zote mnapofanya kazi. Na siku ya wageni, anayetaka kumwona atatoka nje kwanza, aingilie kwake."

"Kama kwa mtu."

"Kama kwa mtu."

"Hicho chumba si ndiyo ofisi yako, dada?" alisema Ackson.

"Kilikuwa."

Bibi Esnath alimtazama Atuganile kwa muda, kisha akainuka akaingia ndani. Alirudi na bakuli la maziwa ya mgando, akampa yeye kabla ya mwanawe.

Jioni ile meza ya ofisi ilihamia kwenye kona ya veranda, chini ya turubai. Ambindwile aliondoa kabati na kung'oa mbao. Mlango wa nyuma ulilia sana kufunguka, na buibui wakatoka kwa wingi. Ackson na Atuganile walimbeba Mzee Jairo kwa kumzungusha nje, wakamtundika kwenye chumba chake, wakamfunika shuka safi. Atuganile akaubandua na ule ubao wa maelezo akauweka chini ya meza, auandike upya akipata nafasi.

Asubuhi iliyofuata wanawake walikuja kwa njia ya chini, wakipitia migombani. Ndoo zilifunuliwa. Udongo ulikuwa laini kama walivyouacha.

Bibi Esnath alisimama kwenye mlango wa nyuma akasikiliza, kama mtu anayesikiliza kama kuna mtu ndani. Kisha akaingia. Akaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya mianzi, akaweka kiganja ukutani, akasema, "Fito zimekazwa vizuri. Leteni maji."

Ackson hakurudi Mbeya. Alikunja suruali mpaka magotini akaingia kwenye shimo kukanyaga udongo na samadi. Wanawake hawakumwacha.

"Bosi wa vipuri! Weka gia ya pili!"

"Mguu wa kushoto umekufa, badilisha plagi!"

"Mwacheni," alisema Ndimyake, "anatafuta mke, anaonyesha magoti."

Alikanyaga huku anacheka. Na walipokula makande, safari hii mapya, Ndimyake alirudia sahani mara tatu na kutangaza kwamba ni kwa niaba ya Jumatatu.

Wasichana wa sekondari walikaa chini wakatazama. Bibi Esnath alichora kwa vidole vitatu, na mkono ulipotetemeka aliuacha utetemeke, mstari ukapata mawimbi madogo, akaendelea. Msichana mmoja aliuliza kama ayafute yale mawimbi. "Yaache," alisema Bibi. "Watu watajua aliyechora alikuwa na umri." Mara moja moja alimpa msichana nafasi, akamshika kiwiko kutoka nyuma bila kukisukuma.

Jumamosi ukuta ulikuwa umekauka. Mgeni rasmi kutoka wilayani aliingia kwa mlango wa mbele, akakata utepe, akasifu, akaonyeshwa vibuyu na ngoma. Alizungushwa nje hadi kwa Mzee Jairo, ambako Ackson alisimama amevaa suti, akieleza kwa watu wa Ikuti jinsi babu yake alivyojua ngoma.

Atuganile alikuwa amekaa mlango wa nyuma kumsubiri Bibi Esnath na mwenzake mmoja au wawili. Walikuja wengi. Walikuwa wake wa wana wa Jairo, wake wa wajukuu zake, wake wa wana wa ndugu zake, wengine na fimbo, wengine na watoto mgongoni, khanga zimeshushwa mpaka machoni. Hata mtendaji wa kata, mwanamke wa suti na simu mbili, ambaye dakika chache kabla alikuwa mbele akipanga viti, alikuja akizunguka ukuta kwa haraka.

"Na wewe, mtendaji?" alisema Atuganile.

"Mume wangu ni wa ukoo ule, dada. Nilikuwa nimepanga nikae nje nijifanye napokea simu." Akacheka, akavua viatu vya visigino, akaingia.

Walijaa ndani ya nyumba ya mianzi, bega kwa bega, wakagusa michoro kwa ncha za vidole. Kwa saa nzima hakuna aliyewasumbua. Ambindwile alisimama kati ya milango miwili, na kila mgeni aliyetaka kukatisha akamwelekeza kwa adabu azunguke.

Watu walipopungua, Bibi Esnath alibaki ameketi kwenye sakafu ya udongo. Atuganile alikaa karibu naye. Upande wa pili wa ukuta walimsikia Ackson akiaga wageni.

"Mwanangu," alisema Bibi Esnath polepole. "Wewe umemwona."

"Nimemwona, Bibi."

"Si vibaya kuuliza. Kuuliza si kutazama." Alinyoosha khanga magotini. "Amefanana na nani?"

Atuganile alifikiri ajibu vizuri. "Paji la uso ni pana. Macho yameingia ndani kidogo, kama anataka kucheka na mpiga picha amemkataza. Masikio ni ya Ackson."

"Yale makubwa?"

"Yale yale."

Bibi Esnath alifunika mdomo kwa khanga. Mabega yake yalitikisika. "Siku zote nilikuwa nawalaumu wajomba zake," alisema. "Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana."

Hakuuliza kingine. Wakainuka. Atuganile alimsindikiza kwa njia ya migombani mpaka gari la chai liliposimama. Wanawake walimvuta Bibi juu, wakamtandikia gunia karibu na dereva pasipo na upepo. Alipokwisha kukaa, aliinama akaushika mkono wa Atuganile kupitia mbao za gari, na hakuuachia hata injini ilipowaka.

"Ukuta umekwisha," alisema. "Sasa huna sababu ya kuja Lufingo."

"Nitakuwa na shughuli nyingi kidogo, Bibi, lakini—"

"Shughuli hazikosekani. Njoo tena. Njoo bila sababu, nikupikie, tukae tu. Umesikia? Uje."